Jina Chini ya Plasta

Ukurasa wa ishirini na tatu haukuwepo.

Inspekta alihesabu upya, taratibu, akilowesha kidole kwa ulimi, tabia ambayo mama yake alishindwa kumwachisha. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Kila karatasi ilikuwa na namba yake ya wino wa buluu kwenye pembe ya juu, na kila moja ilikuwa mahali pake, isipokuwa ile iliyomleta.

"Nilikwambia, afande," alisema mtunza mafaili, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata mchana wa jua kali. "Faili lilitoka, faili likarudi. Sisi hapa masjala tunahesabu mafaili. Kurasa hatuhesabu."

"Nani anahesabu kurasa?"

Mzee alifikiri. "Wewe ndiye wa kwanza."

Faili lilikuwa la mjane wa miaka sabini na minane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mizani. Kwa miaka thelathini na mmoja alizunguka madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, akikagua mizani za wafanyabiashara, na wauza nyama walimwogopa kuliko walivyowaogopa polisi. Baada ya kustaafu moyo wake ulianza kuchoka. Mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa na akili zake timamu, alikaa kwenye benchi la kliniki akaandika hati ya matakwa yake: siku moyo ukisimama asikandamizwe kifua, wala asitiwe mpira wa kupumulia kooni. Hati ikawekwa ndani ya faili. Tarehe nne mwezi wa sita moyo ulisimama. Wakamkandamiza kifua hadi mbavu mbili zikavunjika, wakamtia mpira, na akaishi siku kumi na tisa mikono yake imefungwa kwa bendeji ili asiung'oe.

Bintiye, dereva wa basi la shule, ndiye aliyefungua kesi. Katika maelezo yake kituoni alimtaja kaka yake, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwamba aliichana hati ya mama yao kwa sababu hakutaka kumwachia aende.

Inspekta alivuta taa ya mezani karibu. Ukurasa wa ishirini na mbili ulikuwa na vitundu viwili vidogo pembeni, mahali ulipokuwa umebanwa pamoja na mwenzake kwa pini. Vilikuwa safi. Karatasi haikuchanika hata unywele.

"Mwenye hasira huchana," alisema. "Mwenye haraka huvuta, akaacha kipande kwenye pini. Huyu alikunjua pini pande zote mbili, akatoa karatasi moja tu, akainyoosha iliyobaki."

"Mtu nadhifu," mzee alisema.

Inspekta aliandika neno hilo moja kwenye kijitabu chake. "Lete daftari la kutolea mafaili."

Tangu mwezi wa tatu, faili lilikuwa limetoka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ile tarehe nne mwezi wa sita, lilipokimbizwa wodini, na hapo tayari wauguzi walilipekua wasione kitu. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tisa mwezi wa nne. Lilichukuliwa saa nne asubuhi, likarudishwa saa tisa. Mahali pa saini palikuwa na mchoro kama mnyoo, na mbele yake herufi na tarakimu: D.4.

"Hii nini?"

"Daktari, wodi ya nne. Hawa hawajui kuandika, afande. Wakiandika watasomeka, na wakisomeka watakosolewa."

"Ndugu wa mgonjwa je? Wanaweza kuona faili?"

"Wana daftari lao." Mzee alilitoa chini ya kaunta, akalifungua kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja tangu asubuhi, kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe. Jina la mtoto wa kwanza wa Bi Mizani lilikuwa pale, tarehe thelathini na moja mwezi wa tano. Siku nne kabla moyo haujasimama.

*

Karakana ya fundi makochi ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichofunguka barabarani. Makochi matano yalisimama bila nguo, mbao na springi nje. Fundi mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye mabega ya mbebaji, alikuwa amepiga magoti nyuma ya la sita, misumari midogo imebanwa midomoni. Alipomwona Inspekta aliitema mmoja mmoja kwenye kiganja.

"Nilijua utakuja. Mdogo wangu hasemi na mimi, ila anasema na polisi."

Kwenye meza ya kazi palikuwa na chombo kidogo cha chuma, ncha yake imepasuka kama ulimi wa nyoka. Inspekta alikichukua.

"Hiki kazi yake nini?"

"Kung'olea pini. Kinaingia chini, kinainua. Kitambaa hakichaniki."

"Na karatasi?"

Fundi alimtazama. "Chenyewe hakijui tofauti."

Inspekta alikirudisha pale pale kilipokuwa, akaandika. "Tarehe thelathini na moja mwezi wa tano ulikwenda masjala ya hospitali."

"Nilikwenda."

"Kufuata nini?"

Fundi aliinuka kwa kuegemea kochi. Alitoa bahasha kubwa ya kaki nyuma ya marobota ya sponji, akaiweka mikononi mwa Inspekta. Ndani mlikuwa na picha mbili za kifua, na juu ya bahasha muhuri wa masjala, tarehe ile ile.

"Niliambiwa kuna bingwa wa moyo anayepokea wagonjwa kila mwezi. Nikasema nimpelekee picha, huenda anajua dawa ambayo hawa hawajaijua. Miadi ilikuwa tarehe kumi."

"Uliingia ndani kwenye makabati?"

"Pale kuna dirisha lina nondo. Unapitisha kitambulisho, unapitishiwa bahasha. Hilo faili hata rangi yake siijui."

Inspekta alikumbuka dirisha. Nondo zake zilikuwa zimesogeleana, na faili la Bi Mizani lilikuwa nene kama tofali. Lisingepita.

"Tuje kwenye siku yenyewe," alisema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshikia kikombe." Fundi aliikalia mbao tupu ya kochi. "Waliniweka nje. Daktari akatoka mbio akauliza, kuna karatasi yoyote aliyoandika? Nikasema sijui. Akauliza, tufanye? Nikasema fanyeni kila kitu. Mama yako yuko pale amelala, wewe ungesemaje?"

Inspekta aligeuza ukurasa wa kijitabu chake. "Hukujua, au ulisema hujui?"

Nje gari lilipiga honi, mtu akajibizana nalo, kukatulia. Fundi alikuwa akipanga misumari kwenye kiganja chake, vichwa upande mmoja.

"Alijaribu kuniambia," alisema mwishowe. "Mara mbili. Ya kwanza tulikuwa tunakula, akasema mwanangu, siku yangu ikifika. Nikamkata. Nikamwambia mama, acha uchuro, chakula kinapoa. Ya pili alinipigia simu. Nikamwambia nina mteja. Sikuwa na mteja."

"Na mdogo wako alipofika?"

"Yeye siku hiyo alikuwa safarini na wanafunzi, simu haishiki. Alifika kesho yake, akakuta mpira umeshaingia. Akawaambia mama hakutaka, kuna karatasi. Wakatafuta, hakuna. Daktari akanigeukia mimi, maana kwenye fomu ya kulazwa mimi ndiye ndugu wa karibu. Akauliza, mama aliwahi kukuambia hivyo? Nikasema hapana, sijui." Alifunga kiganja. "Na ilikuwa kweli, afande. Nilikuwa nimehakikisha sijui."

"Kwa hiyo mashine ikaendelea."

"Siku kumi na tisa. Na siku ya maziko mdogo wangu alisimama mbele yangu, watu wote wanatazama, akasema mkono uliochana karatasi ya mama hautashika udongo wake. Nikarudi nyuma. Ningefanya nini, nipigane na mdogo wangu kaburini?"

Inspekta alimrudishia bahasha. Mtu anayetaka mama yake aishi, akipata hati inayosema asiishi, anaweza kuichana. Lakini lazima kwanza ajue ipo, na aifikie. Huyu alikuwa amepitisha miezi mitatu akikimbia kujua.

*

Alipiga simu hospitali akiwa amesimama nje ya karakana, kidole kwenye sikio la pili.

"Wodi ya nne ni ya nini?"

"Ya wazazi," alisema mpokea simu.

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali ijengwe, mama. Unaleta mzazi?"

Inspekta alishukuru akakata. Faili la mwanamke wa miaka sabini na minane, kupelekwa wodi ya wazazi kwa saa tano. Alirudi hospitali kwa miguu, akaanza kuzunguka majengo akisoma kila kilichoandikwa kwa rangi kwenye milango, kuanzia maabara, dobi, hadi stoo ya oksijeni. Nyuma kabisa, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia mashuka, lilikuwepo jengo refu la chuo cha uuguzi. Milango ilikuwa imeandikwa kwa chokaa, mkono mmoja, kushoto kwenda kulia. Darasa la 1. Darasa la 2. Darasa la 3.

Mlango wa nne ulikuwa wazi, na ndani somo lilikuwa linaendelea.

Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Wanafunzi, Inspekta aliambiwa baadaye, walimwita Mama Saini, maana hakuna kazi aliyoipokea bila saini na tarehe. Mbele ya darasa palikuwa na kitanda, na juu yake mwanafunzi mmoja amejilaza akiigiza mgonjwa mahututi. Alikuwa akikoroma.

"Mgonjwa wako anakoroma," Mwalimu alimwambia msichana aliyesimama kando ya kitanda. "Ukisikia hivyo, jua mapafu yake ni salama, cha kuhofia ni mtihani wake." Darasa lilicheka. Mwalimu alipomwona mgeni mlangoni, Inspekta alionyesha kitambulisho chake na kiti cha nyuma kwa ishara moja. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulienda kwenye kamba ya miwani, ukabaki hapo.

"Tuendelee. Mgonjwa ameandika asifufuliwe. Moyo haujasimama, anapumua, analia maumivu. Muuguzi unafanya nini?"

"Namwacha, Mwalimu, ameshakataa," alisema mvulana wa mbele.

"Amekataa nini?"

Mvulana aliangalia karatasi yake. "Kukandamizwa kifua. Na mpira."

"Basi. Kukataa kufufuliwa si kukataa kuoshwa. Si kukataa kugeuzwa, wala kulowanishwa midomo, wala dawa ya maumivu, wala kukaliwa karibu. Ukimwacha utakuwa umemnyima asichokikataa. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, haiishi hapo. Haya, nyuma?"

Msichana mwenye kilemba cheupe alisimama. "Mwalimu, karatasi inasema usifanye, ndugu wanasema fanya. Wamesimama hapo, wanalia. Nisikilize nani?"

"Ndugu utawasikiliza, utawapa kiti, utawapa maji. Lakini utakalofuata ni la mgonjwa." Mwalimu aliinua karatasi iliyokuwa mkononi mwake. "Mgonjwa akishindwa kusema, ile karatasi ndiyo mdomo wake. Ukiipoteza umemziba mdomo. Someni tena mfano wetu."

Nakala za ziada za mfano zilipitishwa hadi nyuma, na moja ikamfikia Inspekta. Ilikuwa fotokopi ya hati iliyoandikwa kwa mkono. Katika sehemu mbili palikuwa na vivuli vya mstatili, kimoja juu penye jina, kingine kirefu karibu na mwisho, kama vile kitu kimebandikwa juu ya maandishi kabla ya kupigwa nakala. Ukingo wa vivuli hivyo ulikuwa na vimeno vidogo vidogo. Plasta ya vidonda, iliyokatwa kwa mkasi wa hospitali.

Alisoma.

*Nimekagua mizani za watu miaka thelathini na mmoja. Najua kipimo kinapofika mwisho. Moyo wangu ukisimama msinikandamize kifua, msinitie mpira kooni. Nipeni dawa ya maumivu. Msininong'onezee kana kwamba sipo. Nimeandika haya nikiwa sijalazimishwa na mtu.*

Inspekta aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya kijitabu, akangoja kengele.

*

Ofisi ya Mwalimu ilikuwa na meza, kabati la chuma, na mifano ya plastiki ya moyo na figo juu ya kabati. Alifunga mlango mwenyewe.

"Hii," Inspekta alisema, akiifungua fotokopi juu ya meza. "Ya asili iko wapi?"

Mwalimu hakuuliza hati gani. Alivaa miwani, akavuta droo ya chini, akatoa jalada la plastiki. Karatasi ilikuwa ndani yake, imenyooka, na vipande viwili vya plasta vilikuwa bado juu yake. Pembeni palikuwa na vitundu viwili safi.

"Ni wewe uliyeandika D.4."

"Darasa la nne. Ndiyo."

"Nieleze."

"Mimi ndiye niliyekaa naye siku ile anaiandika," alisema Mwalimu. "Kliniki walikuwa hawana mtu, wakaniomba. Huwa wanaandika maneno mawili, sitaki mashine, basi. Yeye aliandika hivi. Nikajiambia, miaka yote nawafundisha watoto hawa kwa mifano ya kutunga, na hapa kuna mtu amesema vizuri kuliko kitabu. Nikaliazima faili Ijumaa ile nipige nakala moja. Mashine ya hospitali ilikuwa mbovu. Nikalirudisha faili, karatasi nikabaki nayo, nikasema Jumatatu nitaipigia nakala nje niirudishe. Nikafunika jina lake. Nikafunika na mambo ya nyumbani kwake, kwa heshima."

"Jumatatu haikufika."

"Ilifika. Nakala nikapiga. Halafu mitihani ikaingia, ikawa kesho, kesho kutwa." Aligusa ukingo wa jalada. "Nikasahau. Ningeishia hapo, afande, ningekuwa mzembe tu."

Inspekta aliacha kuandika.

"Tarehe kumi mwezi wa sita mwanafunzi wangu alirudi kutoka wodi ya mahututi. Akaniambia, Mwalimu, kuna bibi amefungwa mikono, kila wakimfungua anaushika mpira. Nikauliza anaitwaje. Nikaenda."

"Alikuwa katika fahamu?"

"Alikuwa macho. Alinitambua." Mwalimu alivua miwani. "Hawezi kusema, mpira uko kooni. Akainua mkono ule wenye bendeji, akafanya hivi." Alibana vidole vitatu kama aliyeshika kalamu, akavitembeza hewani, mstari mmoja, kushoto kwenda kulia. "Nikamwambia nimeelewa, mama. Nakuja."

"Ukarudi?"

"Mara tatu. Karatasi ikiwa ndani ya mkoba. Ya kwanza nilikuta madaktari wamezunguka. Ya pili binti yake alikuwa anagombana na kaka yake koridoni. Anasema ipo, ipo, niliiona. Nilipita kati yao nikasema samahani." Sauti yake haikubadilika, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuisikiliza. "Ya tatu hapakuwa na mtu. Ningeweza kuichomeka ndani ya faili nikaondoka. Nilisimama nayo. Nikafikiri, wakiiona leo wataniuliza jana ilikuwa wapi. Miaka ishirini na sita ya kazi. Nikajiambia hali yake mbaya, pengine ataondoka mwenyewe usiku huu. Aliondoka baada ya siku tisa."

"Jumla ni siku kumi na tatu tangu akuone."

"Kumi na tatu. Nimezihesabu."

"Na leo umefundisha kwa karatasi yake."

"Ndilo somo ninaloliweza." Mwalimu alifuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Uliposimama mlangoni nilishukuru. Halafu nikaona aibu kwamba nimeshukuru. Utanifunga pingu hapa, watoto wakiona?"

"Pingu sikuja nazo. Utaandika maelezo yako kwa mkono wako, utayaleta kituoni kesho saa mbili, na baraza la wauguzi litapata nakala. Kesi iliyofunguliwa ni ya kuharibu hati. Hii haijaharibiwa. Imefichwa, na hiyo ina kifungu chake."

"Yule kaka yake." Mwalimu aliisukuma droo ikafunga. "Nilisikia yaliyotokea kwenye maziko. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma."

Inspekta alifunga kijitabu. "Ulimwona anarudishwa nyuma?"

"Nilimwona."

Hakukuwa na swali lingine. Inspekta alivaa glovu, akashika ncha ya plasta ya juu, akaibandua polepole ili isitoke na wino. Jina lilikuwa chini yake, herufi kubwa, zimenyooka kama zilizopigiwa rula. Kisha akabandua ile ndefu ya karibu na mwisho. Alisoma mistari mitatu iliyokuwa chini yake. Akaisoma tena. Akaitia hati kwenye mfuko wa kielelezo, akaandika tarehe na saa, akampigia simu dereva wa basi la shule.

Alimweleza yote, bila kupunguza. Upande wa pili zilisikika sauti za watoto wanateremka, mmoja anauliza mkoba wake. Dereva alingoja mpaka sauti zikaisha.

"Kaka umeshamwambia?"

"Bado. Nakwenda sasa."

"Nisubiri nifike," alisema. "Mtu mwingine asimwambie kabla yangu."

*

Basi lilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana, saa kumi kasoro. Dereva alivuka akiwa bado na kizibao chake cha kazi, mwanamke mrefu, mabega yale yale ya kaka yake. Fundi alimwona akija, akaweka nyundo chini. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Kaka," alisema. "Si wewe."

"Najua si mimi."

"Ilikuwa chuoni. Mwalimu aliichukua kufundishia." Alieleza kwa maneno machache, akikosea mpangilio wa siku, Inspekta akimsahihisha mara moja tu. Alipofika kwenye zile siku kumi na tatu alishindwa, Inspekta akamalizia.

Fundi alisikiliza amesimama. Alipouliza, alimuuliza Inspekta. "Naweza kuisoma?"

"Kwa juu ya plastiki. Usiitoe."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alisoma kwa sauti ndogo, akipita mizani, akipita kifua na mpira, dada yake akiwa ubavuni lakini bila kumgusa. Alipofika kwenye ile mistari mitatu sauti ilipungua kasi, ila hakuacha.

"*Nikishindwa kusema, aulizwe binti yangu, yeye anaweza kusema basi. Kijana wangu wa kwanza asiulizwe. Atataka niishi, na hilo jibu litamkalia shingoni maisha yake yote, kwa hiyo nawaomba msimtwishe.*"

Dereva alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Springi zilitoa sauti. "Mimi ndiye niliyetakiwa kuulizwa," alisema. "Na simu yangu haikushika."

"Ulikuwa kazini."

"Nilikuwa kazini. Wewe ulikuwa pale." Alitazama mikono yake. "Nilikuzuia kushika udongo wake, kaka."

"Ulinizuia," alisema fundi.

Hakusema yamepita. Hakusema haidhuru. Alibaki ameishika hati kifuani kwa vidole vyenye gundi kavu, kisha akaja akaketi kwenye kochi lile lile, upande wa pili, nafasi ya mtu mmoja ikiwa kati yao.

"Afande, lazima uondoke nayo?"

"Ni kielelezo. Chumba cha vielelezo hufungwa saa kumi na moja."

"Saa hizi ni ngapi?"

Inspekta aliangalia saa yake, akapiga hesabu ya njia hadi kituoni, akiikata kata kadiri alivyoweza. "Mna nusu saa," alisema.

Alivuta kigoda, akakiweka nje kwenye kizingiti, akaketi akiangalia barabara. Nyuma yake dereva alikuwa akimwambia kaka yake aanze tena kutoka juu, kwenye jina.